Sifuri ya Mashine, Dole la Mzee

Aliingia Ijumaa mchana, vumbi la njia ya Nyarugusu likiwa bado mabegani. Aliomba kitu kimoja tu: muhtasari wa kikao cha kijiji cha mwaka 2014, alipokubaliana na mwenye leseni namna ya kugawana mawe ya maduara mawili, yaani mashimo ya uchimbaji, aliyoyachimba na wanawe. Niliandika "makubaliano duara" nikabonyeza. Sifuri.

"Babu, hakuna," nikamwambia.

Hakubisha. Aliitazama skrini kama mgonjwa anavyomtazama daktari, akashukuru, akaondoka.

Programu ile ya kutafutia nyaraka niliiunda mwenyewe, na nilikuwa naringa nayo. Ofisi ya wakili tuliyofanyia kazi mjini Geita ilikuwa na majalada ya tangu Geita haijawa mkoa, kabla ya 2012: mikataba ya wachimbaji wadogo, nakala za leseni, hukumu, mihutasari ya vijiji hadi upande wa Kahama. Tuliyachapa yote katika XML, kila kipande kikiwa na alama yake: hii tarehe, huyu mdai, huu uamuzi. Hukumu tulizipanga kwa Akoma Ntoso, muundo uliotokana na mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuyasaidia mabunge ya Afrika. Jina lake ni la Kiakan, maana yake mioyo iliyoungana. Nyaraka zikaingia kwenye eXist, kanzidata ya bure iliyoanzishwa na Wolfgang Meier, na faharasa ya maneno ikajengwa na Lucene. Siku ya majaribio niliandika "mining", zikaja nyaraka zenye "mines" na "mined". Bosi akapiga makofi. Nami nikaamini.

Jumatatu mama wa masjala alisikia habari ya mzee. "Si lile jalada la kijani lenye kamba?" Dakika kumi baadaye karatasi ilikuwa mezani. Imeandikwa kwamba pande zote "walikubaliana" kuhusu "maduara". Neno "makubaliano" halimo humo. "Duara" halimo.

Kiingereza hubadilisha neno mkiani, na kichanganuzi nilichokiweka kilikuwa kisu cha kukata mikia ya Kiingereza. Kiswahili hubadilika kichwani, mara nyingi pande zote mbili: chimba, mchimbaji, uchimbaji, machimbo, waliochimbiwa. Kwa Lucene hayo ni maneno matano yasiyojuana. Hata nyota (*) ya kusema "chochote kitakachofuata" huwekwa mwishoni mwa neno. Mwanzoni Lucene huikataa isipokuwa umeiruhusu, kwa sababu faharasa yake imepangwa kwa herufi za mwanzo na italazimika kupitia maneno yote. Tangu Sheria Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, nyaraka za namna hii zinaongezeka, na visu vyetu bado ni vilevile.

Nilipoanza kuchimbua nikakuta mengine, na hili ndilo lililoniaibisha zaidi. Mipangilio ya faharasa niliiandika baada ya kuingiza majalada ya miaka mitatu ya mwanzo, na sikuamuru faharasa ijengwe upya. eXist haigusi nyaraka za zamani hadi uiambie, na haipigi kelele: ukiuliza mahali pasipo na faharasa, inarudisha utupu kwa adabu zote. Pia kwa kawaida huhesabu mpaka wa alama kuwa mpaka wa neno, kwa hiyo pale mchapaji alipokoleza wino nusu ya neno, neno lilikatika vipande viwili. Na kwetu Usukumani, ambako majina mengi huanza na Ng', mchapaji mmoja alitumia mkato ulionyooka, mwingine uliopinda. Hata ng'ombe walikuwa katika mazizi mawili.

Tiba haikuwa ngumu. Nilijenga faharasa upya, nikasawazisha mikato, nikaongeza ile faharasa ya eXist inayokata maandishi vipande vya herufi tatu tatu, ambayo huiona "duara" hata ikiwa imejificha ndani ya "maduara". Inakula diski, na ukitafuta "dai" inakuletea na "daima". Pumba hizo nazivumilia. Sifuri ikitokea, skrini sasa inaonyesha nyaraka ngapi zimesomwa na zipi hazijasomwa, pamoja na namba za majalada ya kijiji husika. Mama wa masjala huzisoma namba, kisha huchukua funguo.

Ila mzee alishatia dole gumba Jumamosi, kwenye karatasi mpya iliyompa chini ya nusu ya mgawo wa zamani. Alipoambiwa hakuna ushahidi, angesimamia nini? Tulipompigia simu kuhusu muhtasari, mwanawe ndiye aliyepokea. Baba, alisema, yuko chini, kwenye duara la mtu mwingine.