Majumba ya Faragha na Njia ya Kisimani

 

Ndugu zetu Waislamu wa Pumwani, Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni na Eastleigh, na khasa nyinyi ambao asili yenu ni pwani: tumeulizwa masuala mawili katika darasa yetu. La kwanza, je, yajuzu Muislamu kukodi jumba la faragha kando ya bahari, Diani au Watamu au Shela, akakaa huko na watu wake siku tatu nne kwa ajili ya kupumzika? La pili, je, yajuzu kuuza kiwanja cha urithi kilichoko ufukweni ili mnunuzi ajenge jumba la namna hiyo? Wengi walidhani suala zito ni la kwanza. Sisi twaona uzito wote uko katika la pili.

Ama la kwanza, jawabu lake ni fupi. Asli ya vitu ni halali mpaka ithibiti dalili ya kukataza, na kupumzika si dhambi. Nairobi yenyewe imeitwa kwa Kimaasai kwa sababu ya maji yake ya baridi, na Pumwani ni mahali pa kupumua. Lakini mwenye kusimama leo ukingoni mwa mto pale Gikomba, akanusa yanayopita humo, hatamlaumu ndugu yake akitamani upepo wa kaskazi. Tena jumba la faragha huenda likawa na sitara kwa wake zetu kuliko hoteli ambayo meza ya jirani ina chupa za pombe. Masharti yake mwayajua: mtu asikope kwa riba, asiache nafaka ya wazazi na ada ya chuo, wala asirudi na picha mia za kuwaumiza roho majirani. Ila twasikia wengine wakiziita safari hizo khalwa. Mtume wetu (S.A.W.) alifanya khalwa yake katika pango la Hira, akiwa na chakula chake kidogo, na wala hakumzuia mchunga mbuzi yeyote kupanda mlima ule.

Sasa tuje kwenye la pili. Yapasa kwanza kufahamu kinachouzwa katika majumba haya. Si vitanda wala vyakula, kwani hivyo viko kila mahali. Kinachouzwa ni kutokuwako kwa watu wengine. Ili mgeni asione mtu, hujengwa ukuta, likatiwa lango, akawekwa askari. Na mara nyingi ukuta huo hukata njia ambayo wavuvi walipita na mitego yao, na wanawake wakapita kwenda kisimani, tangu zama za mababu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imesema wazi kwamba ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni mali ya umma. Lakini haki ya ufuo yamfaa nini asiyekuwa na njia ya kuufikia?

Na baada ya njia kuna maji yenyewe. Tazameni Shela. Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hunywa maji yatokayo katika vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hunyesha juu ya mchanga ule, ikazama, na maji tamu yakakaa chini yake, yakielea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Hiyo ndiyo hazina yote. Ukijenga juu ya vilima, wauharibu mchujo wake. Ukivuta kwa pampu kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima kilichoingia chumvi hakirudi upesi.

Fanyeni hesabu nyinyi wenyewe. Hodhi la kuogelea lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha mita moja na nusu, nalo si kubwa kwa majumba hayo, hujazwa kwa lita 48,000. Hiyo ni mitungi 2,400 ya lita 20, ile ile ambayo sisi hapa Eastlands twainunua mmoja mmoja kwenye mkokoteni mabomba yakikauka. Naye Mtume wetu (S.A.W.) imesihi kwamba alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja.

Wenye kwenda Watamu kustarehe wapiga hatua chache tu kufika magofu ya Gede. Humo mna kasri, msikiti wa Ijumaa, na nyumba za matajiri zilizokuwa na vyoo na visima vyao. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kushuka kwa maji ya visima. Qurani Tukufu, katika Suratul Hajj, imetutajia kisima kilichoachwa na kasri lililoinuliwa, vyote viwili pamoja. Twaogopa kwamba watu wetu huenda pale wakapiga picha, wakarudi kuogelea.

Hukumu ya sharia katika jambo hili haikufichika. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto. Na katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba Dhahhak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji katika shamba la Muhammad bin Maslama, naye akakataa. Sayyidna Umar (R.A.) alimwita, akamuuliza sababu ya kumzuilia nduguye jambo lenye manufaa kwake na lisilomdhuru yeye. Alipokataa tena, Umar akaapa kwamba mfereji utapita, hata kama ni juu ya tumbo lake. Huyo aliyezuia hakuwa mnyang'anyi. Alikuwa sahaba, na shamba lilikuwa lake kwa haki.

Na twajua jinsi mauzo haya yafanywavyo. Dalali huja Nairobi na karatasi, akawakuta warithi ambao hawajaliona shamba kwa miaka ishirini, kodi ya nyumba ikiwabana na watoto wakidaiwa karo. Ndugu wanaume hutia sahihi. Dada hupelekewa bahasha, ikiwa ataletewa. Shangazi aliyebaki kule kulinda minazi na kuchota katika kisima kile husikia khabari siku mafundi wanapokuja kuchimba msingi wa ukuta.

Sisi watu wa Eastlands hatuna udhuru wa kutofahamu machungu hayo. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei mwaka 2024, waliokaa chini ya mita 30 kutoka mitoni waliamriwa kuhama, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Hatari ya mto ilikuwa ya kweli, kwani watu walikufa. Lakini tuliona vilevile kwamba kuwa karibu na maji kwa maskini ni kosa la kuvunjiwa, na kwa tajiri ni sababu ya kupandisha bei.

Basi twasema: kuuza ni halali, lakini kwa utaratibu. Mirathi igawanywe kwanza, na kila mwanamke mwenye fungu atie sahihi kwa mkono wake. Mshirika katika shamba apewe nafasi ya kununua kabla ya mgeni, kwani hiyo ndiyo haki ya shuf'a katika madhehebu yetu ya Shafi. Kisha, kabla ya hati kuhama, njia ya kwenda ufuoni na kisima vipimwe mbali, viwekwe wakfu, na viandikishwe kwa mujibu wa Sheria ya Wakfu ya mwaka 2022, kama Sayyidna Uthman (R.A.) alivyokinunua kisima cha Ruma akakiachia Waislamu. Ahadi ya mdomo ya mnunuzi isitegemewe, maana naye atauza, na atakayefuata hakuahidi kitu.

Mtatuambia kwamba bei itapungua. Ni kweli itapungua, na huenda mnunuzi wa kwanza akaondoka. Kiasi kitakachopungua ndicho thamani ya haki za wale wasiotia sahihi, wala hakikuwa chenu tangu mwanzo.

Wenye mashamba ya urithi ambayo hayajagawanywa na waje na hati zao chuoni siku ya Alkhamisi baada ya sala ya Isha. Watakaokuja na dada zao watatangulizwa.