Suluhu na Mwenye Nguvu

Tumezoea kusema "mwenye nguvu mpishe", na tukiisha kumpisha jambo hilo huliita suluhu. Raia anapokaa meza moja na serikali, akakubali pungufu ya alichodai, je, ameridhia au amechoka?

Mfano hauko mbali. Mwaka 2012 wenyeji wa Lamu walikwenda mahakamani kwa ajili ya bandari mpya iliyokusudiwa kujengwa pwani yao. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba wamevunjiwa haki zao, zikiwemo za mazingira safi, utamaduni na kupewa habari, na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ikafuata rufaa. Kisha pande zikazungumza nje ya mahakama, zikaafikiana sehemu ilipwe taslimu na sehemu kwa vyombo na zana.

Wako wasemao kuwa hapo ndipo ilipoingia busara. Siwabishii sana. Jaji hamuulizi mvuvi mashua ya namna gani itamfikisha bahari kuu, maadamu maji ya karibu yamechimbwa ili meli zipite. Mezani swali hilo huulizika. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 159, yenyewe inazitaka mahakama zikuze upatanishi. Na suluhu na maslahi, kwa asili ya Kiarabu, ni watoto wa mzizi mmoja.

Lakini tutazame kilichotangulia. Kabla ya hukumu, mvuvi angefika mezani kama mwombaji. Baada yake alifika kama mdai. Usawa huo hakupewa na mpatanishi. Kwa hiyo amhimizaye raia asuluhishe kabla haki yake haijatamkwa, naona anamtaka auze asichokijua bei.

Tena kuna umri. Serikali haizeeki, mvuvi huzeeka. Kila mwaka wa kungoja humpunguzia kiasi atakachokubali, wala haumgharimu afisa hata senti ya mfukoni mwake. (Afisa naye ana hofu yake: hiyo ni mali ya umma, na neno "ndiyo" aghalabu liko kwa wakubwa ambao hawakuja kikaoni.)

Katika watu 4,600, kwa miaka yote hiyo, hapana shaka wako waliofariki kabla ya maafikiano. Ridhaa yao aliitoa nani?