Kosa Lisilotuumiza, Je, Latuhusu?

Liko swali ambalo watu hawaachi kuulizana: kosa likiwa halimdhuru mtu mwenyewe, bali lamtaabisha mwenziwe tu, je, yampasa kulitengeneza? Twataka kulipima kwa mfano wa chombo cha siku hizi, yaani kompyuta, na kwa kazi ya watu wasioona waitumiao.

Hapa Tabora iko shule ya Furaha, ifundishayo watoto wasioona. Na kule Lushoto iko ile ya Irente, iliyo ya Kanisa la Kilutheri. Asiyeona hutumia kompyuta kwa msaada wa programu isomayo kwa sauti maneno yaliyo katika kioo. Mojawapo yaitwa NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, nayo hutolewa bure. Mtu husikiliza, kisha huamuru kwa vitufe.

Basi tuseme kidole chake kimeteleza. Katika kompyuta nyingine, hasa za zamani, ukibonyeza Ctrl na Alt pamoja na mshale, picha yote ya kioo hugeuka: hulala ubavu, au husimama kichwa chini. Mwenye macho hutaabika. Hupinda shingo ili asome, na akisukuma kipanya kulia, alama yake huenda juu au chini. Lakini asiyeona hatambui lo lote, maana sauti husoma maneno kwa taratibu ile ile. Kilichogeuka ni sura tu. Mpango wa mambo ndani ya kompyuta haukugeuka.

Kwa sababu hiyo yeye huweza kulitengeneza kwa urahisi kuliko mwenye macho. Kwanza hubonyeza Ctrl, Alt na mshale wa juu. Isipofaa, hubonyeza kitufe cha Windows na herufi I ili kufungua mipangilio, huingia penye System, kisha Display, na kusogea kwa kitufe cha Tab hata asikie Display orientation. Hapo huchagua Landscape. Kompyuta humwuliza kama alishike badiliko hilo. Asipojibu katika sekunde chache, hurudia hali ya kwanza. Kwa hiyo yafaa awe tayari kujibu.

Labda mtu atasema, “Ajisumbue ya nini? Yeye hapungukiwi na kitu.” Sisi twajibu kwamba kazi ya mtu haiishii mikononi mwake. Mwalimu atakuja kuisahihisha. Mwenziwe wa ofisini atakalia kiti kile kile kesho. Kosa lisilomwumiza yeye litawaumiza hao, naye ndiye mwenye njia ya kuliondoa. Basi ni lake.

Lakini wajibu huu una upande wa pili. Asiyeona atajuaje kwamba kioo kimelala, asipoambiwa? Hapa yampasa mwenye macho kunena. Asicheke, wala asimnyang'anye mwenziwe vitufe kana kwamba ni mtoto. Aseme tu, “Kioo chako kimelalia ubavu wa kushoto,” kisha ampe nafasi. Akinyang'anya, huenda atanyosha kioo, lakini atakuwa amemvunjia mtu heshima ya kazi yake. Na kama msaada wa mkono wahitajiwa, aulize kwanza.

Na tuwakumbuke wapagazi wa zamani, waliopita hapa Tabora katika njia ya Bagamoyo na Ujiji. Walikwenda mmoja nyuma ya mwingine katika mstari mrefu. Wa nyuma hawakuweza kumwona kirangozi. Waliifuata sauti ya ngoma na ya baragumu. Hakuna aliyewadharau kwa kuenenda kwa sikio. Tena, katika njia nyembamba kama ile, mtu aliyekwisha kuvuka shimo akanyamaza, kwa kuwa yeye amepita salama, je, tungemwita mwenzi mwema wa safari?

Hivyo twaona ya kuwa swali la kwanza halikuulizwa vema. Tusiulize tu kama kosa latuumiza. Tuulize nani atapita nyuma yetu, na ni nani kati yetu awezaye kulitengeneza. Aonaye na aseme. Awezaye na atende. Mara nyingi hao ni watu wawili, na kila mmoja amhitaji mwenziwe.