Muhogo wa Bibi

Hivi chakula kinaweza kumtia mtu aibu? Mimi kilinitia. Tangu nimalize kidato cha nne naishi kwa bibi hapa Lindi mjini, naandika riwaya isiyokwisha. Asubuhi roho inataka chapati. Yeye ananiwekea muhogo wa kuchemsha. Nikauita chakula cha njaa.

Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zikakata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa. Siku kadhaa malori hayakupita. Duka la mtaani kwetu likaishiwa unga wa ngano.

Bibi wala hakushtuka. Muhogo wake ulikuwa shambani, ardhini. Ukishakomaa unaweza kukaa humo miezi ukimngoja mwenyewe. Kisamvu kipo, majani ya kunde yapo, makopa yako darini. Tukala, na jirani aliyekuja na bakuli tupu akala.

Barabara ilipofunguliwa, wa kwanza kukimbilia chapati nilikuwa mimi. Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, ukiukataa siku ya shibe, nani ataupanda uje ukuokoe siku ya dhiki?"

Sikuwa na jibu, bwana. Kumbe kula cha kwetu, kwa msimu wake, si umaskini wala ushamba. Ni deni. Asiyekila leo anamvunja moyo anayekilima, na kesho bakuli la jirani litarudi tupu.

Chapati bado nazipenda, sikatai. Ila muhogo siuonei aibu tena. Aibu naionea ile dharau yangu.