Mama Akitaka Kuolewa Tena

 

 Maneno yetu ya leo yanamhusu mtu anayesemwa sana na kusikizwa kidogo: mwanamke aliyefika miaka 40 au 50, ambaye mumewe amefariki au amempa talaka, watoto wake wamekua, na moyo wake ungali hai. Mwanamke huyu hujiuliza swali ambalo huona haya kumwuliza mtu: Je, mimi bado nina haki ya kutamani mume wa kunipenda na kukaa nami kwa wema, au zamu yangu imekwisha pita?

Twamjibu tangu mwanzo, asikae akingoja: haki hiyo unayo, na kuitumia au kuiacha ni shauri lako wewe. Mwenye kukuzuia hana hoja katika dini, na mwenye kukulazimisha hana vile vile.

Tazameni mambo yalivyo katika mitaa yetu. Mwanamume wa miaka 60 akifiwa na mkewe, hata miezi miwili haijapita watu wamekwisha anza kumhurumia: nani atampikia, nani atamtazama akiugua? Akioa, hupongezwa. Lakini mwanamke wa miaka 48 akionekana amejitia asumini na kujifukiza udi, huulizwa: “Huyu ajipamba kwa ajili ya nani?” Sharia imemwekea mfiwa eda ya miezi 4 na siku 10, na mwenye talaka aliyekoma hedhi imemwekea miezi 3. Eda hizo zina mwanzo na zina mwisho. Sisi tumeongeza eda nyingine juu yake, eda ya maneno ya watu, nayo haina mwisho mpaka kaburini.

Jambo hili si geni. Bibi Subay'a wa kabila la Aslam alifiwa na mumewe, Sa'd bin Khawla, wakati wa Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, akiwa mja mzito. Akajifungua baada ya muda mfupi. Alipotoka katika nifasi akajipamba kwa wanaotaka kuposa. Mtu mmoja aitwaye Abu Sanabil akamlaumu, akamwambia kuwa haolewi mpaka itimie miezi 4 na siku 10. Bibi huyu hakukaa akalia, wala hakuamini kila aliloambiwa. Alivaa nguo zake jioni ile ile akaenda kumwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akamfahamisha kuwa eda yake ilikwisha siku aliyozaa, na kwamba aolewe akipenda. Tazameni basi: aliyekaripiwa ndiye aliyekuwa katika haki, na haki hiyo aliipata kwa kwenda kuuliza mwenyewe.

Na Qur'ani inasemaje? Katika Sura ya Nur, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amewaamrisha Waislamu wawaoze wale walio wapweke miongoni mwao. Neno la Kiarabu lililotumika hapo, ayama, humkusanya kila asiye na mwenzi, mwanamume na mwanamke, aliyepata kuolewa na asiyepata. Amri hiyo haikuelekezwa kwa yule mpweke. Imeelekezwa kwetu sisi tulio kando yake. Na katika Sura ya Baqara, aya ya 234, ametufahamisha kuwa wajane wakimaliza eda yao, sisi hatuna lawama kwa watakayojifanyia wenyewe kwa wema. Mwenyezi Mungu ameliondoa lawama. Sisi twalirudisha kwa ruhusa ya nani?

Wengine husema kwamba mwanamke aliyekwisha olewa ameshuka thamani. Maneno haya yampasa Mwislamu ayaogope, kwani yanakwenda kugonga mlango mkubwa. Katika wake wote wa Mtume, ni Bibi Aisha peke yake aliyeolewa akiwa mwanamwali. Bibi Zaynab binti Jahsh alikuwa ameachwa. Bibi Sauda, Bibi Hafsa na Bibi Umm Salama walikuwa wamefiwa na waume zao. Na Bibi Khadija, kwa mapokezi yaliyo mashuhuri, alikuwa na miaka 40, amekwisha olewa mara mbili, na Mtume alikuwa na miaka 25. Ni yeye Bibi Khadija aliyependezwa na uaminifu wake kabla ya kuposwa, akamtuma rafiki yake Nafisa aende kumpima maneno. Mtume hakuoa mke mwingine juu yake muda wote wa uhai wake. Basi ikiwa mwanamke mjane ni chombo kilichotumika kikaisha, hao mama zetu wa Waumini tutawaita nini?

Tufahamu, kwa hivyo, kuwa talaka ni kufunguliwa kwa fundo la ndoa; si hukumu juu ya utu wa mwanamke. Wahenga wetu wamesema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Hapa twapenda kuwasimulia habari za wanawake wawili, kwani ndani yake mna jawabu la maneno yetu yote. Bibi Umm Salama alifiwa na mumewe Abu Salama kwa jeraha la vita vya Uhud. Mtume alipomposa, yeye hakuruka kwa furaha. Alitaja yaliyomo moyoni mwake: kwamba umri wake umekwenda, ana wivu mwingi, na ana watoto. Ni yale yale wanayoyataja mabibi zetu leo. Mtume hakumcheka wala hakuyapuuza. Alimjibu moja moja: umri, hata yeye umri wake umekwenda, wivu, atamwombea Mungu amwondolee, na watoto watakuwa katika uangalizi wa Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Bibi Umm Salama akaridhika akaolewa. Na mwaka wa 6 wa Hijra, pale Hudaybiya, sahaba walipotaabika nyoyo wakasita kuchinja na kunyoa, ni mwanamke huyu huyu aliyempa Mtume shauri la kutoka achinje na kunyoa kwanza yeye, na watu wakamfuata.

Wa pili ni Bibi Umm Hani, binti Abu Talib. Mtume alimposa naye pia. Akatoa udhuru karibu sawa na ule: umri umekwenda, na ana watoto. Lakini yeye hakutaka kuolewa, na udhuru wake ukakubaliwa. Mtume hakukasirika, bali aliwasifu wanawake wa Kikureshi kwa huruma yao juu ya watoto.

Udhuru ni karibu mmoja, na njia ni mbili. Na wote wawili walibaki na heshima yao. Yule aliyeolewa hakuambiwa ana tamaa, na yule aliyekataa hakuambiwa ana kasoro. Huu ndio mzani. Mwanamke anayetaka mume baada ya miaka 40 ni muungwana, na anayeamua kukaa na watoto wake, ibada yake na kazi yake ni muungwana vile vile. Lililo haramu ni sisi kumchagulia kwa nguvu. Bibi Khansa binti Khidam, aliyekuwa amepata kuolewa, aliozwa na babake bila ya kutaka, akaenda kwa Mtume, na Mtume akaivunja ndoa ile.

Sasa twageuza uso kwa vijana wetu. Katika miji yetu yapo majumba ambamo mama ametaka kuolewa, mposaji ni mtu wa dini na wa kazi, na wanaokataa ni watoto wa kiume. Husema: “Utatuaibisha, mama. Sisi tutasimamaje barazani?” Enyi vijana, jueni kwamba katika madhhab ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhhab ya pwani yetu, mtoto si walii wa mamake kwa sababu ya kuzaliwa naye. Walii wake ni babake, kisha babu, kisha ndugu zake na jamaa wengine wa upande wa kuumeni kwa taratibu yao. Mnashika mlango ambao ufunguo wake hamkupewa. Na madhhab mengine yaliyompa mtoto uwalii yamempa ili amwoze mamake, hayakumpa ili amfungie.

Hata huyo walii wa haki hakuachiwa afanye apendavyo. Ma'qil bin Yasar alimzuia dada yake asirejee kwa mume aliyemwacha, hali wenyewe wamependana tena, ndipo ikateremka aya ya 232 ya Sura ya Baqara kukataza jambo hilo. Ma'qil akatii akamwoza. Wanavyuoni wetu wamesema kuwa walii akizuia pasipo sababu ya kisharia, na mposaji ni kufu yake, uwalii huenda kwa kadhi. Mahakama ya kadhi ipo hapo hapo Malindi, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeithibitisha katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Wala bibi asidhani kuwa atakuwa wa kwanza kupita mlango ule. Mwanachuoni wa Kimarekani, Susan Hirsch, alichunguza mahakama za kadhi za Malindi na Mombasa katika miaka ya 1980, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1998 ameeleza kuwa wengi waletao mashtaka ni wanawake, na mara nyingi hupata haki zao.

Kumfungia mama mlango wa mbele kuna hasara nyingine: humpitisha mlango wa nyuma. Twakusudia ndoa za siri. Mwanamume humjia mjane akamwambia: “Tuoane, lakini mke wangu asijue, na watoto wako wasijue.” Hatusemi kuwa ndoa yenye walii, mashahidi wawili na mahari ni batili kwa sababu haikupigiwa ngoma. Lakini Mtume amehimiza ndoa itangazwe, na mwenye akili atazame mwisho wake. Mume huyo akifa usiku wa leo, huyu bibi hata kukaa eda hadharani hawezi. Fungu lake la mirathi, thumni ikiwa marehemu ameacha watoto na robo ikiwa hakuacha, agawane na mke mwenzake, atalidai kwa nani, ikiwa mashahidi wamekufa au wamekana? Tangu mwaka 1906 palikuwa na sheria ya kuandikisha ndoa na talaka zetu katika nchi hii, na leo ipo Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Karatasi ile ya ndoa ni ngao ya mwanamke. Asiyekubali kukuandika, dada yetu, hajakubali kukuoa.

Nanyi mabibi, tuna nasaha chache. Msiende kwa waganga kutafuta pete na dawa za kupendwa. Humaliza fedha na kuharibu itikadi, na mume aliyeletwa na uongo hatakaa kwa ukweli. Mtakeni Mungu kwa istikhara na watu wema kwa ushauri. Shikeni kazi ya mkono, iwe kushona, iwe biashara ya nguo, iwe mahamri na mbaazi za asubuhi, kwani mwenye chake huchagua mume, na asiye na chake huchaguliwa na dhiki. Someni dini yenu msije mkatishwa kwa hadithi za barazani. Mkipendezwa na mtu, si aibu kutuma mjumbe mwaminifu, kama alivyotuma Bibi Khadija. Mkiposwa, ulizeni: swala yake ikoje, madeni yake yakoje, na mke aliyekuwa naye kwanza alikaa naye vipi? Wekeni mahari yenu na masharti yenu kabla ya kufungwa ndoa, wala msiseme “kwa umri wangu nitapata nani” mkajishusha bei kwa mikono yenu. Na moyo ukikataa, semeni hapana. Barira alipopata uhuru wake alichagua kuachana na mumewe Mughith, ambaye alikuwa akimfuata njiani akilia. Mtume akamwombea arudi kwake, naye akauliza kama hiyo ni amri. Alipoambiwa ni maombezi tu, alikataa, na hakulaumiwa.

Tangu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, wanavyuoni wa pwani hii wametuhimiza tuzipime ada zetu kwa Qur'ani na Sunna. Basi ada hii nayo ipimwe. Kila msomaji na atazame nyumbani kwake: yuko mama, dada, shangazi au khalati anayenyamaza? Amwulize kwa adabu analolitaka, na jawabu lake, ndiyo au hapana, liwe ndilo jawabu la nyumba nzima.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awapoze nyoyo wajane wetu na walioachwa, awape wenye kutaka wenzi walio wema, awatosheleze kwa fadhila zake wenye kuchagua upweke, na atuepushe sisi na kuwa kizuizi katika njia aliyoifungua Yeye. Amin.