Mwamba Ngoma na Haki ya Wachezaji

Mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii aghalabu sisi walimu huifundisha kana kwamba imekata shauri: atungaye kanuni hujitungia nafsi yake. Lakini ngoma ikishawambwa, huwa ya nani? Na tulipime swali hili kwa uchaguzi wa gavana wa jimbo la Kentucky, Marekani, wa mwaka 1899.

Mwaka 1898 seneta wa jimbo hilo, William Goebel wa chama cha Democratic, alipitisha sheria iliyounda tume ya uchaguzi ya watu 3, walioteuliwa na bunge la jimbo. Bunge lenyewe lilikuwa mikononi mwa chama chake. Mwaka uliofuata Goebel akagombea ugavana. Hesabu ilipotoka, William Taylor wa chama cha Republican alikuwa na kura 193,714, naye Goebel 191,331.

Wengi walidhani tume ingemvutia muwambaji. Haikuwa hivyo. Wajumbe wote walikuwa wa chama cha Goebel, lakini 2 kati ya 3 walimtangaza Taylor mshindi, wakisema kwamba sheria haikuwapa mamlaka ya kusikiliza mashahidi. Taylor akaapishwa tarehe 12 Desemba 1899.

Laiti mambo yangaliishia hapo! Wafuasi wa Goebel walilipeleka shauri bungeni. Tarehe 30 Januari 1900 Goebel akapigwa risasi akielekea bungeni, mjini Frankfort. Taylor akaita askari, akaliamuru bunge liondoke mjini. Wabunge wa upande wa pili wakazibatilisha kura za kutosha, na majeruhi akaapishwa kitandani tarehe 31. Tarehe 3 Februari akafariki dunia.

Huenda mtu akatuambia kwamba Goebel alikuwa na nia njema, kwani alipambana na kampuni ya reli yenye nguvu kubwa katika jimbo lile. Hatumkatalii. Hata hivyo, twaona kwamba mwenye yakini na haki yake ndiye hasa anayehitaji mizani isiyoshikwa na mkono wake, maana yakini hiyo ndiyo imzuiayo kuona mkono ukielemea. Tena, sheria ikishaonekana kupinda, hata hukumu iliyonyoka haiaminiwi. Wajumbe wale 2 walitenda wajibu wao, lakini uadilifu wao haukutosha kuirudisha imani iliyokwisha potea.

Basi, tuifundishapo methali hii, tuwakumbushe wanafunzi wetu kwamba methali hueleza tabia ya watu, haitoi ruhusa. Nasi wenyewe twaijua hali hiyo. Mwalimu asahihishaye mtihani wa mwanawe aweza kumpa alama anazostahili, wala asimwongezee hata moja. Lakini darasa zima litanong'ona, na atakayedhulumiwa na mnong'ono huo ni mtoto mwenyewe. Heri karatasi ile ampe mwenzake aisahihishe.