Lami Ikifika Mlangoni, Nani Alipe?

Kiswahili kina neno moja kwa pesa unayoipa serikali na pesa unayompa landilodi: kodi. Wengine wanaona ni upungufu wa lugha. Mimi naona lugha ilishajua kitu.

Chukua Mandera. Kenya ilipata uhuru 1963, na kwa nusu karne mji huo uliishi bila lami. Haikuwa bahati mbaya. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulitaka pesa za maendeleo ziende kule zitakakozalisha zaidi, na kwa hesabu hiyo kaskazini haikuwemo. Lami ya kwanza mjini ililetwa na kaunti, baada ya ugatuzi kuanza 2013, chini ya gavana wa kwanza, Ali Roba.

Sasa, barabara ikipita mbele ya ploti yako, ploti inapanda bei na wewe hujainua hata jiwe. Katika miji mingi ya Marekani, baraza likijenga mtaa upya, sehemu ya gharama hutozwa wenye nyumba zilizo kando yake, mara nyingi kwa urefu wa upande unaotazama barabara. Kwetu, kifungu cha 209 cha Katiba kinaziruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi. Je, mwenye ploti Mandera naye achangie?

Jibu la haraka ni: tumesahauliwa miaka 50, halafu mtuletee bili? Jibu hilo lina uzito. Anayedai hatozwi ili alipwe deni lake. Hata Katiba, kifungu cha 204, inatenga nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Hiyo si sadaka.

Lakini hebu tuulize, hao "sisi" ni kina nani? Aliyekula vumbi ni mama wa maziwa ya ngamia, kijana wa tuktuk, mpangaji wa chumba kimoja Bulla Jamhuria. Deni lilikuwa lao wote. Thamani iliyopanda imeingia mfuko wa mwenye ploti peke yake. Anadai kwa jina la wote, anapokea kwa jina lake.

Na mpangaji? Yeye tayari analipia lami. Mtaa ukipendeza, kodi ya nyumba inapanda. Ni kodi ya barabara kabisa, ila haifiki kaunti. Utaambiwa ukimtoza landilodi atamsukumia mpangaji. Labda kidogo. Lakini landilodi gani unayemjua anatoza chini ya anachoweza kupata, eti kwa sababu kaunti haijamletea bili?

Si wenye ploti wote ni matajiri, najua. Kuna mjane ambaye mali yake yote ni ile nyumba anayolala. Hapa Mandera haihitaji wataalamu kutoka Nairobi, kwa sababu kipimo kinajulikana msikitini: nyumba unayoishi haitolewi zakat, lakini ardhi uliyonunua ili uiuze ukipata faida ni bidhaa, inatolewa. Kodi ya kaunti si zakat, wala sisemi iwe, lakini tofauti hiyo inafaa kuazimwa. Mjane aachwe, au deni lisubiri hadi nyumba iuzwe. Mwenye ploti tano za kukodisha alipe.

Jambo moja zaidi: wengi wana barua ya ugawaji tu, hati miliki hawana. Kaunti haiwezi kumwambia mtu ploti ni yake wakati wa kulipa, kisha iwe ya serikali wakati wa kubomoa. Ikipokea kodi, imtambue.

Siku bunge la kaunti litakapoita wananchi watoe maoni, viti vya mbele vitajaa wenye ploti wakizungumzia miaka 50 ya kusahauliwa. Mpangaji atakuwa kazini. Ningependa mtu mmoja tu asimame aulize: tangu lami ifike, kodi za nyumba kando yake zimepanda kwa kiasi gani?